Sabuni Katikati ya Wimbo

Nchi ninayotaka kuwahadithia haipo popote, nami nimeishi humo maisha yangu yote. Ni nchi nzuri, yenye amani mpaka inachosha. Kiongozi wetu haitwi rais, maana hilo ni jina ambalo hata mwenyekiti wa klabu ya mpira anaweza kujipachika. Anaitwa Msikilizaji Mkuu. Kazi yake ni kusikiliza, na ili asisumbuliwe kazini, ni marufuku kusema naye.

Mimi naitwa Mbaruku. Ni kinyozi, na kibanda changu kiko chini ya Mlima Kokoto, pale lami inapokata tamaa. Siasa siijui. Vichwa vya watu navishughulikia kwa nje tu. Ya ndani namwachia mwenye kichwa na serikali yake. Kama humu mtakuta neno lenye ukali, mjue limeniponyoka. Siku hizi sikai nikatulia. Namnyoa mteja upande mmoja, natoka nje kuutazama mlima, narudi, nakuta ameshanuna.

Mlimani kwetu watu wanaponda kokoto kwa nyundo. Wanakaa kwa safu, kila mtu na rundo lake, na nyundo zinakwenda kwa mdundo mmoja, kwa sababu mdundo ukiwa mmoja mkono hauchoki upesi. Na hapo kuna desturi yetu. Mtu akiwa na jambo limemkaa rohoni, anaweka nyundo yake chini. Jirani yake akiona naye anaweka, na wa pili wake, mpaka safu nzima inanyamaza. Mwenye jambo analisema kwa mstari mmoja tu. Kisha nyundo zinaanza tena, na watu wanauimba ule mstari huku wakiponda. Mume amehama nyumba, mbuzi ameibwa, mwenyekiti wa mtaa ameuza kisima cha watu: yote yalisemwa hivyo. Kuendelea kugonga wakati mwenzio ameweka nyundo chini ni utovu wa adabu mkubwa. Nawajua wanaume walionyimwa wachumba kwa sababu hiyo.

Humo ndimo lilimozaliwa kundi la Nyundo za Mlimani. Makungu, kijana wa safu ya juu, alipata gitaa la umeme kutoka kwa baharia mmoja aliyekuwa akilitumia kuanikia soksi. Akaliunganisha na betri ya lori. Machano, rafiki yake wa tangu kuota meno, akaja na zeze lake. Ngoma hawakuwa nayo, kwa hiyo waliwaita wapondaji wenyewe wagonge mawe jukwaani. Gitaa lilinguruma, zeze likalia juu yake kwa sauti nyembamba, nyundo zikashika chini, na vumbi lilipanda kweli, maana yale mawe yalikuwa yakipondwa kweli. Baada ya tamasha tulizoa kokoto tukauza.

Machano alipokuwa akipiga zeze alivua kiatu kimoja. Alisema mguu mmoja lazima usikie chini kunasemwa nini. Tulimcheka kwa hilo, naye akacheka nasi, lakini kiatu hakukirudisha mguuni mpaka wimbo uishe.

Na katikati ya kila wimbo Makungu aliinua mkono, na kila kitu kikasimama. Wapondaji waliweka nyundo chini. Hapo ndipo palipoitwa pengo. Yeyote katika hadhira alisema mstari wake, Makungu akaushika papo hapo akaufanya ubeti, na zeze la Machano likaufuata kama mtu anayemsindikiza mgeni wake mpaka njia panda. Wimbo haukuwahi kuwa ule ule mara mbili. Watu walitoka miji ya mbali kuja kusema mstari mmoja.

*

Msikilizaji Mkuu akaamua kujengewa Kasri la Usikivu. Nia ilikuwa njema kabisa. Alitaka mahali pa kumsikiliza kila mwananchi bila kelele za wananchi. Kasri likahitaji mawe mengi kuliko nyundo zetu zilivyoweza kutoa, kwa hiyo wakaja wataalamu wa baruti. Wataalamu walipima mlima kwa macho, wakala chakula cha mchana, wakalipua.

Upande mzima wa mlima ulishuka. Machano alikuwa amerudi chini ya genge, pale mlima ulipochimbwa wima, kuchukua zeze lake alilolisahau. Hatukumwona tena.

Taarifa ya serikali niliisikia kwenye redio ya kibandani. Ilisema mlima umejishusha wenyewe kwa hiari ili kupisha maendeleo. Ilisema pia kwamba hakuna aliyedhurika, kwa sababu siku ile ilikuwa sikukuu ya kitaifa na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuwa kazini. Sikukuu hiyo ilitangazwa jioni ya siku ile ile. Aliyekuwa gengeni, basi, alikuwapo kinyume cha sheria, na sheria yetu haiwatambui watu waliopo kinyume chake. Nilivutiwa na mantiki hiyo. Nilimkata mteja sikio kidogo.

Machano alikuwa na mama, Bi Havijawa, mjane, mpondaji wa safu ya kati. Alikwenda ofisi ya mtaa kuomba mwanawe achimbuliwe. Wakamwambia alete uthibitisho kwamba yuko chini ya mawe. Akawauliza uthibitisho huo ataupataje bila kuyaondoa mawe. Wakamwambia hilo ni swali zuri sana, wakamshukuru kwa kulileta.

Basi akaenda pengoni. Nyundo za Mlimani walirudi jukwaani bila zeze, na kigoda cha Machano wakakiweka mahali pake, kitupu. Makungu alipoinua mkono na nyundo zikatulia, Bi Havijawa alisimama kutoka katikati ya watu. Hakupaza sauti.

"Machano yuko chini ya mawe. Mtoeni nimzike."

Makungu akauimba. Tamasha lililofuata mama akasimama tena, akausema ule ule, na lililofuata, na lililofuata. Watu wengine waliacha mistari yao wakamwachia yeye pengo lote. Madereva wa malori ya kokoto waliubeba wimbo mpaka mipakani. Walikuwa wakishusha mzigo kwenye Kasri wanauimba, mafundi wa Kasri wakauokota, na siku moja, nasikia, mpishi wa Msikilizaji Mkuu alikutwa akiuimba juu ya sufuria.

*

Wizara ya Utulivu na Burudani ilituma kwanza mafundi wa umeme. Walikuwa wameambiwa kuna muziki unakatika katikati. Walikagua betri ya lori, nyaya, gitaa, hata vigoda. Ripoti yao ilisema hitilafu haikuonekana, na hitilafu isiyoonekana ndiyo mbaya kuliko zote.

Ndipo akaja waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Sikudhani. Alikuja na msafara mrefu hata gari la kwanza lilipofika kwangu, la mwisho lilikuwa bado linapigiwa saluti mjini. Akahutubia mkutano wa hadhara.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu inapenda muziki. Lakini wimbo ni kama barabara. Barabara yenye shimo katikati mnaikubali?"

Watu wakaitazama barabara yetu. Gari lake la nne lilikuwa bado linanasuliwa.

"Hamuikubali," akajijibu. "Tumegundua kwamba nyimbo za hapa zina mashimo. Mwananchi anasikiliza kwa raha zake, mara anatumbukia katika kimya. Ndani ya kimya kuna nini? Hatujui. Kimya hakina kibali. Kwa hiyo kimya chote cha nchi hii, kuanzia leo, kitazibwa na wadau."

Tulipiga makofi. Makofi kwetu hupigwa kwanza, maana yake hutafutwa baadaye.

Jioni aliingia kibandani kwangu. Makungu alikuwa kwenye kiti ananyolewa, na mheshimiwa akaketi kwenye benchi la wateja na mkoba wake mapajani, kama mtu anayesubiri zamu. Walinzi walisimama nje wakaziba mlango, nami nikawa nanyoa gizani.

"Mwanangu Makungu," alisema kwa upole, "una kipaji. Sabuni ya Povujema wako tayari kukudhamini."

Povujema ni sabuni ya mkwe wa Msikilizaji Mkuu. Inatoa povu jingi sana, na uchafu unabaki ulipo.

"Sitaki sabuni, mheshimiwa," alisema Makungu.

"Najua. Wewe unataka tingatinga."

Mkono wangu ukasimama. Wa Makungu, chini ya shuka, ulikamata kiti.

"Pengo likizibwa," aliendelea, "tingatinga litakuja mlimani. Kubwa, la manjano. Nakupa neno la serikali."

"La kumtoa Machano?"

"Tingatinga, mwanangu. Kwani tingatinga kazi yake nini?"

Makungu alinitazama kwenye kioo. Mimi pia nilimpenda Machano. Nilikuwa nikimnyoa bure kwa sababu alinipigia zeze wakati wa kusubiri. Nilimpangusa Makungu nywele shingoni polepole kuliko inavyohitajika. Yeye akafumba macho akasema ndiyo.

*

Wakampeleka mji mkuu, studio yenye zulia ukutani. Prodyuza alisikiliza Nyundo za Mlimani kwa heshima kubwa, kisha akaanza kuondoa. Nyundo ziliondoka kwanza kwa sababu zina vumbi. Mahali pake pakawekwa kimashine chenye ukubwa wa mkate, kinachogonga bila kuchoka na bila kuponda kitu. Wapondaji wakapewa nauli ya kurudi na fulana za Povujema. Gitaa likapunguzwa meno. Sauti ya Makungu ikapitishwa kwenye kifaa, ikatoka kama ya mtu anayeimba ndani ya ndoo. Badala ya zeze kulikuwa na kinanda chenye kitufe kilichoandikwa "zeze".

Pengoni wakawekwa wasichana wenye sauti laini: "Povu moja, taifa moja, Povujema!"

Wimbo ukaitwa "Mlima Unang'ara". Ukapigwa redioni kabla ya habari, wakati wa habari, na badala ya habari. Ukapigwa hospitali watu wakidungwa sindano. Ukapigwa mahakamani kati ya hukumu na machozi. Ukipiga simu kwa mtu, kabla hajapokea, unaambiwa povu moja, taifa moja. Na nisikudanganyeni, ulikuwa unashika. Mlimani tulikasirika kwa muda, tukausonya, tukazima redio. Kisha siku moja nikaona kichwa cha mteja wangu kinatikisika chini ya wembe, na guu lake, na guu la anayesubiri. Nilitoka nje, nikaenda mpaka kwenye mfereji, nikarudi, na nilipokuwa narudi nikagundua hatua zangu mwenyewe zinafuata kile kimashine.

Walipokuja kwetu na tamasha la kwanza la mtindo mpya, jukwaa lilikuwa na taa kuliko nyumba zetu zote. Kigoda cha Machano hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kopo la sabuni lenye kimo cha mtu. Bi Havijawa alikuja mapema akakaa mbele. Wimbo ulipofika katikati, akasimama, kama siku zote. Akafungua mdomo. Wasichana wakaimba sabuni yao. Alisubiri wamalize, akidhani pengo liko nyuma yao. Halikuwapo. Wimbo uliendelea, na watu wa nyuma wakamwomba akae kwa sababu anawaziba.

Makungu alimfuata baadaye nyuma ya kibanda changu. Alikuwa amevaa suti inayometameta hata kivulini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa, nimefurahi." Alimshika mkono wa suti, akaupapasa. "Hujambo lakini?"

"Mama, nimeziba kwa sababu wataleta tingatinga. Wamenipa neno. Machano atatoka."

Bi Havijawa akamwuliza, "Lini?"

"Wamesema karibuni."

"Basi nitasubiri. Mimi nimeshazoea." Kisha akauliza, "Ule mlio wa zeze, nani anapiga? Maana si mkono wa Machano."

"Ni kitufe, mama."

"Kitufe." Alilirudia neno hilo taratibu. "Kinavua kiatu?"

Makungu alikaa juu ya debe langu la maji, na suti yake yote, akainamisha kichwa. Nilimsikia akilia. Bi Havijawa alimwacha alie, akimpigapiga mgongoni, na macho yake yako mlimani.

*

Tingatinga likaja. Serikali yetu huwa haivunji neno.

Lilipanda asubuhi, la manjano kweli, kubwa kweli, na watu wa mlima mzima wakashuka kulipokea. Wanawake walipiga vigelegele. Wapondaji waliondoa mawe madogo njiani kwa mikono ili lisikwame. Wazee walikuwa wameshamwita shehe. Bi Havijawa alikuja na sanda aliyoinunua siku nyingi, nyeupe, ameikunja na kuibana kifuani. Alikuwa amevaa kanga mpya. Aliniambia, "Mbaruku, leo nitamwogesha," na uso wake ulikuwa na utulivu ambao sikuwa nimeuona tangu mlima ushuke.

Nyuma ya tingatinga lilikuja basi la wachezaji. Nyuma ya basi, gari la kamera. Nyuma ya kamera, mtambo wa kutoa povu.

Walikuja kupiga video. Tingatinga lilisimama juu ya kifusi, juu hasa ya pale tulipodhani Machano yupo, na wasichana wakapanda wakacheza kwenye mdomo wake. Mtambo ukaanza kumwaga povu kwenye mawe, likateremka kwenye mianya yote. Makungu aliwekwa mbele na kuambiwa atabasamu kwa upande wa kushoto. Alikuwa akigeuka nyuma kila mara kuliangalia tingatinga, na mwongozaji akamkemea kwamba anaharibu picha.

Kisha mwongozaji akaiona sanda.

"Mama, hicho kitambaa ni cheupe sana," alisema. "Hebu kitandaze kidogo. Kipeperushe."

"Hiki si cha kupeperusha, baba."

"Kidogo tu. Wanaotazama waone weupe."

Bi Havijawa aliibana zaidi. Wakampiga picha hivyo hivyo, ameikumbatia. Imo katika video, mtu akiitaka aitazame: baada ya wasichana na kabla ya kopo, mama mtu mzima na kitambaa cheupe, na maandishi chini yanayosema Povujema, weupe unaoupenda.

Walipomaliza wakaanza kuondoka. Makungu alikimbia akasimama mbele ya tingatinga, mikono ameinyoosha. Dereva akamwonea huruma, akashuka akamwonyesha. Ule mdomo wa chuma ulikuwa ubao uliopakwa rangi. Wa kweli ulikuwa kwenye kazi ya Kasri.

Mheshimiwa Sikudhani alikuwa kwenye gari lake, kioo nusu. Makungu alimwendea, nami nikamfuata kwa sababu miguu yangu ilikataa kubaki.

"Mheshimiwa, ulinipa neno."

"Nami nimelitimiza. Nilisema tingatinga litakuja. Halikuja?" Alimtazama kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Nyinyi wasanii mna tabia ya kusikia zaidi ya mnachoambiwa. Ndiyo maana nchi hii ina Msikilizaji mmoja tu."

Kioo kikapanda. Povu lilibaki mlimani mpaka jua likalikausha.

*

Siku ya kufungua Kasri la Usikivu tulichukuliwa kwa malori, kila mtu na fulana yake. Kasri ni zuri, nisiseme uongo. Lina masikio mawili ya marumaru, kila moja na ukubwa wa nyumba ya kupangisha, na ndani yake, kama alivyotueleza mtangazaji, kuta zimejazwa pamba ili hata nzi asisikike. Mawe yake nayajua. Mengine niliyaona yakiwa mlima.

Watu walijaa uwanja mpaka juu ya miti. Nilikaa na Bi Havijawa bega kwa bega. Alikuwa amekuja na nyundo kwenye mkoba. Nilidhani ni uzee. Msikilizaji Mkuu aliketi juu ya ngazi, mdogo kuliko picha zake, mkono mmoja nyuma ya sikio, kama inavyotakiwa na itifaki.

Nyundo za Mlimani wakaitwa. Alitoka Makungu peke yake na kile kimashine na kile kinanda. Alikuwa amevaa ile suti. Nikaona ana kiatu mguu mmoja tu. Watu wa mji mkuu walidhani ni fasheni, na baadhi yao, nasikia, wakavua vyao. Bi Havijawa alinishika goti.

Makungu aliimba ubeti wa kwanza ndani ya ndoo yake. Uwanja ukatikisika kwa kufuatisha. Wimbo ulipofika katikati, kabla wasichana wa ndani ya mashine hawajaanza, aliinama akang'oa waya. Mashine ikafa. Akatoa nyundo ndani ya koti, nyundo yetu, yenye mpini wa mpera, akaiinua watu wote waione, na akaiweka chini.

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya kikubwa kama kile. Walinzi walitazamana, kwa sababu kimya hakikuwa kwenye ratiba na hawakujua kinapigwa wapi. Mheshimiwa Sikudhani alisimama nusu akabaki hivyo. Makungu alitazama upande wetu. Watu wa mlimani walikuwa wamejaa kulia kwangu na kushoto, wapondaji, wenye desturi, waliozaliwa na kulelewa katika kuweka nyundo chini. Nilisema rohoni, sasa. Yuko pale juu, mkono sikioni, hana pamba hapa nje. Sasa atasikia.

Bi Havijawa akasimama, akafungua mdomo.

Na uwanja mzima ukalijaza pengo.

"Povu moja, taifa moja, Povujema!"

Hawakuwa na nia mbaya. Walifika mahali wanapopajua na midomo yao ikafanya kazi yake. Waliimba watu wa mji mkuu, wakaimba madereva wa malori, wakaimba wapondaji wa safu ya juu na safu ya kati, wale wale waliomwachia mapengo yao. Mdomo wangu nao ulifunguka, nikauziba kwa kiganja. Mstari wa Bi Havijawa niliusikia kwa sababu bega lake lilikuwa kwenye bega langu. Sidhani kama kuna mwingine.

Msikilizaji Mkuu aliinuka. Aliutoa mkono sikioni, jambo ambalo halijapata kutokea hadharani, na macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wananchi wangu," alisema, "leo nimewasikia."

Tulipiga makofi mpaka marumaru ikarudisha mlio. Akasema kwa miaka yote watu wabaya wamekuwa wakinong'ona kwamba wananchi wana jambo rohoni. Sasa wamepewa kimya, bila kulazimishwa, na jambo lao limejulikana. Akaagiza kwamba kila siku adhuhuri nchi nzima inyamaze kidogo, kisha kila mtu aseme lililo moyoni mwake kwa maneno yale yale. Makungu akavishwa nishani papo hapo. Alikuwa akilia, na gazeti liliandika kwamba ni uzalendo.

Bi Havijawa alikuwa bado amesimama. Aliketi, akaikunja kanga yake vizuri magotini. "Twende nyumbani, Mbaruku," aliniambia. "Hapa pamejaa."

*

Siku iliyofuata nilifungua kibanda nikakifunga. Nikafungua tena. Mlimani kulikuwa na nyundo moja inagonga.

Nilipanda. Bi Havijawa alikuwa amekaa juu ya kifusi, pale tingatinga liliposimama, sanda iko pembeni juu ya kipande cha mkeka, anaponda. Alichagua jiwe kubwa kuliko mawe yote na kuligonga pembeni mwake, kidogo kidogo, kama mwenye siku zote mbele yake. Hakuniangalia. Makungu alikuja baadaye, bado amevaa suruali ya kumetameta, nyundo mkononi. Alisimama mbali kama mtu aliyekatazwa nyumba. Bi Havijawa alisogea kidogo. Nafasi ikapatikana, naye akakaa.

Wa tatu nilikuwa mimi, na nyundo sijui kuishika. Vidole vyangu ni vya wembe. Halafu wakaanza kuja wa safu ya juu na safu ya kati, wengine bado wana fulana, hakuna aliyethubutu kusema samahani. Walikaa tu wakaanza kugonga. Mdundo ulichukua muda kukutana. Kwanza ulitaka kwenda kama kile kimashine, na Makungu alilazimika kugonga kinyume chake, kwa hasira, mpaka mikono yetu ikaachia.

Serikali inajua tupo. Wizara imetangaza kwamba wananchi wa Mlima Kokoto, kwa furaha waliyoipata, wamejitolea kuongeza uzalishaji. Malori yanakuja kuchukua kokoto tunazozitoa, zinakwenda kuongeza sikio la tatu. Hatuwazuii. Kila wanachobeba ni jiwe moja limepungua juu ya Machano.

Kwa hiyo kama ukija kunyolewa ukakuta nimefunga, panda juu utanikuta. Na ukifika wakati Bi Havijawa ameweka nyundo chini, tafadhali na wewe usitembee. Sote tunaweka. Mara ya kwanza nilimsubiri aseme mstari wake, akawa kimya, ameinama, sikio karibu na mwamba. Nilidhani ameusahau. Nikamgusa Makungu, nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini mama hasemi.

"Si zamu yake," alinijibu. "Ni ya Machano."

Tunakaa hivyo. Ikiwa ni adhuhuri, sauti ya nchi nzima inapanda kutoka mjini na povu lake, nasi tunaiacha ipite mpaka iishe. Bi Havijawa anasikiliza. Anaposhika nyundo tena, tunaendelea kuponda.